Kabla ya Kuweka Dole Gumba

Kliniki ya sikoseli hujaa kabla ya saa mbili asubuhi. Tuseme mama mmoja amefika na mwanawe wa miaka sita. Kadi ya kliniki imo kwenye mfuko wa nailoni pamoja na chupa ya maji na vidonge vya foliki. Mtoto amepimwa uzito, daktari amemwona, kilichobaki ni dirisha la dawa. Mlangoni kijana mwenye koti jeupe anawasimamisha kwa adabu: "Shikamoo mama. Samahani, tuna utafiti wetu hapa, tunaomba damu kidogo ya mtoto." Mkono mmoja ameshika karatasi saba zilizobanwa kwa pini, mkono wa pili kichupa chembamba chenye kifuniko cha zambarau. Damu inayotakiwa haizidi kijiko cha chai. Mama anachungulia foleni ya dawa inavyorefuka, anafunua karatasi mpaka ya mwisho, anauliza, "Naweka wapi dole?"

Dakika tatu zimetosha. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya dakika hizo tatu, ziwe angalau kumi na tano. Unamhusu mgonjwa, mzazi, shangazi anayemsindikiza mgonjwa, na hata mzima wa afya aliyetumiwa boksi la kutemea mate, la kupima asili, na ndugu yake aliyeko Minneapolis, Marekani. Haukusudii kumfanya mtu yeyote akimbie utafiti. Unakusudia aulize maswali ambayo kijana mwenye koti jeupe, kama amefundwa vizuri, anapaswa kuyafurahia.

La kwanza kabisa ni kujua unaongea na nani. Daktari aliyemwona mtoto yuko pale kwa ajili ya mtoto. Mtafiti yuko pale kwa ajili ya swali lake la kisayansi, hata kama ni daktari yuleyule na koti ni lilelile. Damu ya matibabu na damu ya utafiti hutoka kwenye mshipa mmoja, lakini haziendi sehemu moja. Mwambie akuelezee wazi: hiki kinachotolewa sasa kitabadilisha dawa ya mwanangu leo, au hakitabadilisha? Mara nyingi jibu ni la pili. Si aibu kulisema, na si aibu kulisikia. Na mgonjwa akikataa, huduma yake haitakiwi kupungua hata chembe. Fomu yoyote halali inalisema hilo kwa maandishi.

Kilichomo ndani ya kichupa

Kwenye maabara, seli nyeupe za damu hupasuliwa ili zitoe DNA, yaani vinasaba. Hayo ni maandishi ya herufi nne tu zinazojirudia, kiasi cha bilioni 3 katika kila nakala, na kila mtu ana nakala mbili: moja ya mama, moja ya baba. Shinikizo la damu lililoandikwa kwenye faili lako ni la kwako na la siku ile. Kesho litakuwa lingine. Vinasaba ulizaliwa navyo na utazikwa navyo. Tena si vyako peke yako. Ndugu wa baba na mama mmoja huchangia takriban nusu, na watoto wa ndugu hao huchangia kama asilimia 12.5. Anayetia saini, kwa hiyo, anawatilia saini kidogo na watu ambao hawamo chumbani.

Waiceland walilipeleka jambo hili mahakamani. Mwaka 1998 bunge la nchi hiyo, iliyokuwa na watu wasiofika laki tatu, lilipitisha sheria ya kukusanya kumbukumbu za matibabu za taifa zima katika hazina moja, na kazi hiyo ikapewa kampuni iitwayo deCODE. Asiyetaka ilimbidi aseme. Aliyenyamaza alihesabiwa amekubali. Watu wapatao 20,000 walisema hawataki. Binti mmoja akaenda mbali zaidi: aliomba kumbukumbu za baba yake, ambaye alikuwa amekwisha kufariki, zisiingizwe humo. Akakataliwa. Novemba 2003 Mahakama ya Juu ikampa haki, si kwa niaba ya marehemu bali kwa niaba yake yeye aliye hai, kwa kuwa faili la baba linaweza kueleza mengi kuhusu mwili wa mtoto.

Hii haina maana kwamba ukoo mzima uitishwe kikao kabla ya kutoa kijiko cha damu. Ina maana kwamba ombi la kwenda na fomu nyumbani, kulala nayo na kurudi nayo kliniki ijayo, ni ombi la haki kabisa. Mtafiti anayesema ni leo au basi, na huku ugonjwa wenyewe ni wa maisha, huyo ana haraka zake.

"Jina lako litaondolewa"

Sentensi hiyo imo karibu katika kila fomu, na inatuliza moyo. Lakini jina huondolewa kwa namna mbili, na tofauti yake ni kama ya kufunga mlango kwa ufunguo na kuuziba mlango kwa matofali. Katika namna ya kwanza, kichupa hubandikwa namba au mistari ya kusomwa na mashine, na mahali fulani lipo daftari, au faili la kompyuta, linalosema namba hii ni ya mtoto wa mama fulani. Katika namna ya pili daftari hilo huteketezwa kabisa. Tafiti nyingi za wagonjwa hutumia namna ya kwanza, na kwa sababu njema: wakigundua jambo la hatari, lazima waweze kukutafuta. Basi usiulize tu kama jina litaondolewa. Uliza daftari liko wapi, nani anashika ufunguo, na litaharibiwa lini.

Hata mlango ulioonekana kuzibwa umewahi kupenyeka. Miaka ya 1990 jimbo la Massachusetts, Marekani, liliwapa watafiti kumbukumbu za matibabu za watumishi wake, majina yakiwa yameondolewa. Gavana William Weld alikuwa miongoni mwa watumishi hao. Latanya Sweeney, mwanafunzi wa shahada ya juu, alinunua daftari la wapigakura wa mji wa Cambridge kwa dola 20, akalilinganisha na zile kumbukumbu. Waliozaliwa siku moja na gavana walikuwa sita; wanaume kati yao watatu; aliyekaa kwenye eneo lake la posta alikuwa mmoja tu. Faili la gavana likawa mezani kwake. Hapo hakuna aliyegusa vinasaba. Ilitosha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na anwani.

Vinasaba vikiongezwa, kazi inakuwa nyepesi zaidi. Mwaka 2013 kundi la watafiti wakiongozwa na Melissa Gymrek na Yaniv Erlich walichukua vinasaba vilivyowekwa wazi kwa ajili ya sayansi, wakavilinganisha na tovuti za nasaba ambako Wamarekani hutafuta jamaa zao, na kwa kufuata jina la ukoo linaloshuka kutoka baba hadi mwana wakafikia utambulisho wa watu karibu 50. Hawakuyatangaza majina, walitaka kuonyesha tu kwamba inawezekana.

Msomaji wa Tanga au Bagamoyo anaweza kucheka hapa. Kwa kawaida ya kwetu baba ni Juma Hamisi na mwanawe ni Ali Juma, kwa hiyo hila ya jina la ukoo inagonga mwamba. Ni kweli. Lakini kwetu upo mtego mwingine, nao ni udogo wa mahali. Jarida likiandika kwamba kati ya walioshiriki alikuwamo mtoto wa miaka sita mwenye ualbino na sikoseli, kutoka kata fulani ya wilaya fulani, hakuna haja ya kompyuta: muuza genge wa kata hiyo anajua ni wa nani. Kwa ugonjwa adimu, umri, kabila na kijiji vikiwekwa pamoja ni jina tosha. Uliza ni kipi kati ya hivyo kitakachochapishwa, na uombe tarehe kamili ya kuzaliwa ibaki kuwa mwaka, na kijiji kibaki kuwa mkoa.

Damu iliyotolewa kwa kisukari

Kama una muda wa kusoma aya moja tu ya fomu, tafuta ile inayotaja "utafiti wa baadaye". Watu wa kabila la Havasupai wanaijua thamani ya aya hiyo kuliko mtu yeyote.

Havasupai ni kabila dogo linaloishi ndani ya bonde kuu la Grand Canyon, Arizona, katika kijiji cha Supai kisichofikika kwa gari. Huendewa kwa miguu, kwa farasi au kwa helikopta. Kisukari kilikuwa kikiwamaliza. Kuanzia mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walishuka bondeni wakachukua damu, na waliotoa waliamini wanasaidia kutafuta kwa nini sukari inawaandama. Fomu yenyewe ilikuwa na maneno mapana zaidi ya hayo: ilizungumzia visababishi vya matatizo ya tabia na ya kiafya. Maneno mapana ni kama suruali ya mtu mnene, huingia chochote.

Mwaka 2003 Carletta Tilousi, binti wa kabila hilo aliyekuwa ametoa damu yake, alialikwa kusikiliza mwanafunzi akitetea tasnifu ya udaktari chuoni hapo. Tasnifu haikuwa ya kisukari. Ilitumia damu ya Havasupai. Alinyanyuka akauliza kama kulikuwa na ruhusa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba ile damu ilikuwa imetumika katika kazi za maradhi ya akili aina ya skizofrenia, za ndugu kuoana, na za asili ya kabila, kwamba mababu zao walihama kutoka Asia. Hili la mwisho liliwauma kwa namna ya pekee, kwa sababu mapokeo yao yanasema walitokea bondeni humo humo, na madai yao juu ya ardhi yamesimama hapo.

Baraza la kabila lilikipiga marufuku chuo kukanyaga ardhi yao. Kesi ilifunguliwa 2004 na kumalizika kwa maelewano Aprili 2010: dola 700,000 kwa watu 41, na damu iliyobaki kurudishwa. Wajumbe wa kabila walikwenda wenyewe chuoni kuitoa kwenye friza.

Ni rahisi kulaumu watafiti tu, na lawama wanastahili. Lakini angalia kilichokosekana pia upande wa pili: hakuna aliyeuliza, siku ya kwanza, "na baada ya kisukari?" Siku hizi ridhaa huandikwa kwa namna mbalimbali. Ipo ya jambo moja tu. Kazi ikiisha, sampuli humwagwa. Ipo pana, inayoruhusu utafiti wowote wa afya utakaopitishwa na kamati ya maadili. Ipo ya ngazi, ambayo ni ya visanduku vya kutia alama: utafiti huu ndiyo, magonjwa mengine ndiyo, asili ya kabila hapana, kampuni za biashara hapana. Hii ya ngazi ndiyo bora kwa mgonjwa, ingawa inawasumbua watunza kumbukumbu. Ukikuta fomu pana isiyo na visanduku, bado waweza kusema unachokubali na unachokataa, ukaomba kiandikwe kwa kalamu pembeni, mtafiti naye atie saini hapo hapo. Akisema hana namna ya kulifuata sharti lako, angalau amekuwa mkweli, nawe utaamua.

Damu hupanda ndege

Friza za nyuzi 80 chini ya sifuri zipo Dar es Salaam, zipo Kampala, zipo Nairobi. Mradi wa H3Africa, uliofadhiliwa na Marekani na shirika la Wellcome la Uingereza hadi 2022, uliweka moja ya hifadhi zake kuu za sampuli katika Chuo Kikuu cha Makerere, kwa makusudi, ili damu ya Waafrika isilazimike kuhama bara ndipo isomwe. Hata hivyo sampuli nyingi bado husafiri. Zinaposafiri lazima pawepo mkataba wa kuhamisha sampuli, unaosema zinakwenda wapi, kufanya nini, na zitarudi au zitateketezwa.

Mkataba huo si karatasi ya kupamba faili. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini kiliiandikia Taasisi ya Wellcome Sanger ya Uingereza kikitaka sampuli zilizotoka kwake zirejeshwe, baada ya tuhuma kwamba zilikuwa njiani kugeuzwa kifaa cha biashara cha kupimia vinasaba pasipo makubaliano. Sanger ilikanusha kufanya kosa. Miaka miwili kabla yake, Wasan wa Afrika Kusini, waliochoka kuwa kituo cha kila mtafiti, walitoa kanuni zao wenyewe za maadili mjini Cape Town: anayetaka kuja kwao apite kwa viongozi wao kwanza, aseme kweli, na arudi kueleza alichokipata.

Neno moja la tahadhari kuhusu safari. Kichupa kinaweza kubaki Muhimbili au Kilifi huku maandishi yake ya herufi bilioni kadhaa yakiruka hadi ng'ambo kwa intaneti usiku mmoja. Ukiuliza tu "damu itakwenda nje?" utajibiwa hapana, na jibu litakuwa kweli tupu. Uliza pia kuhusu data: itawekwa kwenye hazina gani, na anayetaka kuisoma anapitia kwa nani.

Siri ambazo hakuna aliyezitafuta

Sehemu hii huwa haisemwi kliniki, kwa haya.

Mtoto mwenye sikoseli ya kawaida amerithi kinasaba cha S kutoka kwa mama na kingine kutoka kwa baba. Wazazi, basi, huwa wabebaji wote wawili. Hawaumwi, wamebeba tu. Sasa watafiti wamepima familia nzima, na baba ameonekana hana S. Yapo maelezo kadhaa. Vichupa vinaweza kuwa vimechanganywa. Baba anaweza kuwa mbebaji wa talasemia, ambayo ikikutana na S ya mama humletea mtoto ugonjwa unaofanana na sikoseli. Na wakati mwingine, ndiyo, baba mzazi ni mwingine. Nyumbani hakuna anayengoja kusikiliza maelezo ya kwanza na ya pili.

Watafiti wa KEMRI-Wellcome huko Kilifi, kituo kilichoanza 1989 na chenye wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wanavijiji wenyewe, walikutana na mzigo huu walipopima maelfu ya watoto wachanga. Majibu ya sikoseli yalikuwa na faida kwa mtoto, kwa hiyo kuyaficha kungekuwa dhuluma. Kuyatoa ovyo kungeweza kumtoa mama kwenye ndoa yake. Walikwenda kuzungumza na wananchi: majibu yatolewe vipi, apewe nani, na yaelezwe kwa maneno gani ili uzito usimwangukie mwanamke peke yake. Mazungumzo hayo yalichukua muda, na yalistahili.

Kwa hiyo uliza mapema: mkikuta jambo ambalo hamkulitafuta, mtaniambia? Mtamwambia nani mwingine? Una haki ya kusema hutaki kujua, na una haki ya kutaka uambiwe ukiwa peke yako. Jibu la utafiti nalo lisichukuliwe kuwa hukumu. Maabara ya utafiti si lazima ifuate taratibu za maabara ya tiba, hivyo jambo zito lolote lipimwe upya hospitalini kwa damu nyingine kabla mtu hajafungasha nguo.

Sheria iko upande gani

Upande wako, kuliko watu wengi wanavyodhani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za vinasaba zimetajwa humo kuwa taarifa nyeti. Malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Utafiti wa afya kwa binadamu, kwa upande wake, unatakiwa uwe na kibali cha maadili. Tanzania Bara kamati ya taifa iko chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Zanzibar ina chombo chake. Kenya ina sheria yake ya data ya 2019 na Kamishna wa kuisimamia, na mtafiti huhitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi.

Wakenya wameshaijaribu misuli hiyo. Serikali ilipoleta Huduma Namba, mfumo wa kusajili watu wote kwa namba moja, sheria ilikuwa imerekebishwa ili DNA ihesabiwe miongoni mwa alama za mwili zinazoweza kukusanywa. Jukwaa la Haki za Wanubi na wenzao wakaenda mahakamani, na Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema kukusanya DNA kwa ajili hiyo kunakiuka katiba.

Kwa aliyeko ughaibuni mambo hutofautiana. Ulaya, kanuni ya data iliyoanza 2018 inavipa vinasaba ulinzi wa daraja la juu. Marekani ipo sheria ya 2008 inayomkataza mwajiri na bima ya matibabu kumbagua mtu kwa vinasaba vyake, lakini bima ya maisha haikuguswa. Ni pengo kubwa, na mawakala wa bima hawalitangazi.

Fomu halali hujulikana kwa kuitazama. Ina namba na tarehe ya kibali. Ina simu ya mtafiti mkuu, na simu nyingine ya kamati ya maadili. Ukiona ya kwanza tu, dai ya pili. Ndiyo utakayoihitaji ukigombana na mwenye ya kwanza. Na imeandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Fomu iliyotafsiriwa mpaka ikawa haisomeki ni sababu tosha ya kusema, "Nisomee, kisha nieleze kwa maneno yako."

Kutoka nje ya utafiti

Kila fomu husema unaweza kujitoa wakati wowote. Chache hueleza kujitoa kunamaanisha nini. Hazina ya Uingereza iitwayo UK Biobank, yenye washiriki nusu milioni, imelipanga jambo hili vizuri: mshiriki anaweza kusema asisumbuliwe tena ila taarifa zake ziendelee kutumika, au asisumbuliwe na kumbukumbu mpya za matibabu zisichukuliwe, au taarifa na sampuli zake zisitumike tena kabisa kwa kazi mpya. Chukua mpangilio huo uwe kipimo chako, uulize mradi ulio mbele yako unatoa ipi kati ya hizo. Kilichokwisha kuchapishwa, hata hivyo, hakirudi. Maji yakimwagika hayazoleki, na mtafiti mwaminifu atakwambia hivyo kabla, si baada.

Yule mtoto wa miaka sita ana swali lake pia. Mama amekubali kwa niaba yake leo. Akitimiza miaka 18, nani atamtafuta amuulize kama bado anataka? Miradi mingine imelipangia, mingine imesahau kwamba watoto hukua.

Boksi la mate

Kuna sampuli isiyopita kamati yoyote. Ndugu wa Marekani hununua boksi la kupima asili, analituma kwa shangazi Tanga, shangazi anatema mate kwenye kichupa, na baada ya wiki kadhaa familia inasherehekea asilimia. Mwaka 2023 wadukuzi walichukua taarifa za watu wapatao milioni 6.9 kutoka kampuni ya 23andMe. Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa kufilisika, na hazina yake ya vinasaba ikauzwa pamoja na mali nyingine, ikanunuliwa na taasisi ya mwanzilishi wake mwenyewe kwa dola milioni 305. Wateja walioona mauzo hayo yanakuja walikimbilia kufuta akaunti.

Polisi wa California nao walimkamata Joseph DeAngelo Aprili 2018 kwa mauaji ya miaka ya 1970 na 1980, baada ya kufuatilia ndugu wa mbali walioweka vinasaba vyao kwenye tovuti ya GEDmatch. Yeye mwenyewe hakuwahi kutema mate popote. Kukamatwa kwa muuaji ni jambo jema. Njia iliyotumika iko wazi pia kwa wasio polisi. Ukitaka kupima asili yako, pima, lakini kwanza soma nini kitatokea kampuni ikiuzwa, uondoe alama kwenye kisanduku cha kushiriki utafiti kama hukutaka, na usimtemeshe shangazi bila kumweleza.

Kwa nini usikatae tu

Pwani hii ina kumbukumbu ndefu ya mumiani, wale wanyonya damu waliosimuliwa kwamba huwakamata watu usiku. Hadithi hizo zilishamiri enzi za ukoloni, na hadi leo huamka kila mara gari geni linapoingia kijijini na majokofu. Wanaozicheka hawajiulizi chanzo chake: mtu amechukuliwa damu, hakuambiwa inakwenda wapi, na hakuna aliyerudi kumwambia kilichoonekana. Akili hujaza yenyewe.

Ila kukataa kila kitu kuna gharama, na anayeilipa ni mgonjwa wa kesho. Watafiti wa Dallas, Helen Hobbs na Jonathan Cohen, waligundua katikati ya miaka ya 2000 kwamba kiasi cha asilimia 2 ya Wamarekani weusi wana kinasaba cha PCSK9 kisichofanya kazi, na kolesteroli yao ni ya chini sana. Kutokana na hilo zikatengenezwa dawa za kolesteroli zilizoidhinishwa 2015, zinazotumiwa na watu wa kila rangi. Muhimbili, Dar es Salaam, wanafuatilia maelfu ya wagonjwa wa sikoseli tangu 2004, chini ya Profesa Julie Makani na wenzake, na mwaka 2011 walichapisha, pamoja na Waingereza, utafiti wa vinasaba vinavyoongoza hemoglobini ya kichanga, ile inayompunguzia mgonjwa makali. Kinasaba cha BCL11A ni kimojawapo. Tiba ya sikoseli iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, inalenga hapo hapo. Hakuna anayedai imetoka Dar es Salaam. Lakini bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na wagonjwa walio wengi wako Afrika.

Hivyo swali la mwisho la kumwuliza kijana mwenye koti jeupe ni hili: kikipatikana kitu, sisi tutakipataje? Atakosa jibu, karibu kwa hakika. Atasema atamuuliza bosi wake. Mwambie aulize, na kwamba utakuwepo kliniki ya mwezi ujao.

Kisha chukua nakala yako ya fomu, kwa sababu ni haki yako kupewa. Mashine ya fotokopi ikiwa mbovu, piga picha kila ukurasa kwa simu, hasa wenye simu ya kamati. Andika nyuma yake tarehe na jina la aliyekueleza. Iweke kwenye ule mfuko wa nailoni, pamoja na kadi ya kliniki. Foleni ya dawa itakuwa imepungua.